Makapi ya Mapambazuko

Melania Kobelo aliamini kwamba Morogoro nzima hapakuwa na mtu aliyewahi kutengeneza makelele mazuri kama yake, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya yeyote.

Muziki wake haukuwa na ngoma wala gitaa, wala mwimbaji. Ulikuwa na mngurumo wa mitambo mia na ishirini ya kufuma nguo, mngurumo uliokwama ukutani miaka sitini na moja iliyopita. Melania aliunasua, akaukata, akaupindua na kuurundika tabaka juu ya tabaka, mpaka ukaja kama mvua ya masika inavyoshuka kutoka Uluguru: kwanza huijui, kisha huwezi kujua kitu kingine. Majirani zake wa Mji Mpya waliuita fujo. Mama yake aliuita "hiyo shughuli yako". Lakini mwaka huu Jukwaa la Sauti Mpya, linalokusanya wanamuziki wa nchi kumi na nne, lilikuwa limemwandikia barua. Kazi yake ya dakika arobaini ndiyo ingelifungua.

Alikuwa katikati ya kuipima dakika ya ishirini na saba, ile aliyoipenda kuliko zote, pikipiki ya umeme iliposimama mlangoni mwa karakana. Akashuka bibi mrefu mwenye kilemba cha zambarau na wanja machoni. Dereva alitaka kumshika mkono, bibi akamtazama tu, naye akauacha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani ni mwanamume. Vizuri. Naitwa Semeni Mloka. Nimekuja kumchukua mdogo wangu."

Melania alimkumbuka kwenye orodha ya wateja. Bibi Semeni alikuwa ameomba sauti ya mdogo wake, Zamoyoni, aliyefuma pamoja naye katika Kiwanda cha Nguo Mapambazuko na kufariki akiwa bado kijana. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimebomolewa. Mmiliki wa karakana, Mzee Cosmas Lukali, aliwahi kuokoa vipande vitatu tu vya ukuta.

"Huo ukuta wenyewe uko wapi, niuone?" bibi aliuliza, akikaa.

"Umeungua, bibi. Ndivyo mashine inavyofanya."

Akamweleza. Kuta za kiwanda zilikuwa zikipakwa rangi ya mafuta kila mwaka. Rangi hiyo hukaa siku mbili tatu bado laini, na katika siku hizo kila sauti inayoigonga huacha kikunyanzi chembamba kuliko uzi wa buibui. Ikikauka, inakauka nacho. Mashine yake, kinasuzi, humulika kikunyanzi kimoja kimoja na kukigeuza kuwa sauti tena, lakini mwanga wake huunguza kile unachokisoma. Tabaka husomwa mara moja, basi. Kisha sauti hupitishwa kwenye chekeche, programu inayotenga kilichotoka vinywani mwa watu. Sauti za vinywa, kwa sheria, ni mali ya familia. Yanayobaki huitwa makapi, na makapi ni ya aliyeyanasua.

"Mashine yenu inapepeta, kwa hiyo," bibi alisema. "Haya, nisikilizishe punje zangu."

Zilikuwa sekunde kumi na moja. Kikohozi. Mwanamke kijana akisema, "Aka, niache mie!" Kisha kicheko kilichokatwa na mngurumo.

Bibi Semeni alizisikiliza mara tatu, mikono imelala mapajani.

"Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi, bibi. Siku tatu za rangi, na chekeche halikupata zaidi ya hapo."

"Sishangai. Mle ndani nani alifungua mdomo? Ungeufungua ungemeza pamba."

Alisema kwa ujasiri, lakini alichelewa kuinuka. Melania akaona huruma, na pamoja na huruma, lazima isemwe, kulikuwa na majivuno ya fundi anayetaka kazi yake ionekane.

"Nina kitu kingine cha ukuta ule ule. Si sauti ya mtu. Ni makapi, ila nimeyatengeneza mwenyewe."

Akafungulia spika. Karakana ikajaa. Vikombe vikatetemeka rafuni. Bibi Semeni alikunja uso, kama wote wanavyoukunja, na Melania akajiandaa kuzima. Kisha kidole cha bibi kikaanza kucheza. Akainamisha kichwa upande mmoja. Akanyoosha mkono, akachukua spana iliyokuwa mezani, akagonga mguu wa chuma wa meza: mbili za haraka, moja nzito, mbili tena.

"Simamisha," alisema. "Hapa umekata vibaya. Umemkata Felista katikati ya sentensi."

*

Ukumbi wa kufumia haukuwa na maongezi, Bibi Semeni alieleza, lakini haukuwa kimya hata dakika moja. Kila mfumaji alikuwa na spana ya kukazia mtambo wake, na fremu za mitambo zilikuwa chuma kitupu. Chuma kile kilipitisha mlio wa spana. Ukiweka kiganja kwenye fremu ulisikia aliyegonga mistari minne mbele. Wanawake walianza na vitu vidogo. Mbili na moja: nyapara anakuja. Tatu za haraka: mwite fundi. Baadaye kila mmoja akawa na jina lake la spana, yakaja maneno, yakaja mafumbo, zikaja habari za waume na za mawifi.

"Wanaume wa ofisini walidhani mitambo ni mibovu," bibi alisema. "Waliiletea mafuta."

"Na chekeche nalo limedhani hivyo hivyo," Melania alinong'ona.

Alikuwa akiyatazama mawimbi ya sauti kwenye kioo kana kwamba yamegeuka uso wa mtu. Kwa miezi minane alikuwa ameyakata na kuyabandika mapigo yale kwa sababu yalikuwa mazuri. Aliyaita kokoto. Yalikuwa watu.

Wakasikiliza tena kutoka mwanzo, bibi akitafsiri huku anacheka. Huyu anaomba ubadilishane naye zamu. Huyu anasema chai imekuja na sukari haimo. Ghafla akashika mkono wa Melania.

"Huyu mimi."

Yalikuwa mapigo mepesi, yaliyopangana sawasawa, hayakuachana hata kwa unywele.

"Sikia mkono huo! Nilikuwa na miaka ishirini. Hakuna aliyegonga safi kama mimi, muulize yeyote aliye hai." Akajikalia vizuri zaidi kitini, na ule urefu wake ukaonekana upya.

Ikafika dakika ya ishirini na saba. Hapo Melania alikuwa ameishusha mitambo yote chini, akaacha mapigo ya polepole yenye kuvunjikavunjika yatembee peke yake, kisha akayarudia, na safari ya pili mitambo ikarudi moja moja nyuma yake mpaka paa likataka kuruka. Kazi nzima ilipanda juu ya ngazi ile. Barua ya Jukwaa ilikuwa imeitaja dakika hiyo kwa namba.

Uso wa Bibi Semeni ulijifunga.

"Zima."

Melania akazima.

"Huyo ni Zamoyoni. Hiyo futa."

"Bibi, anasema nini?"

"Kama alitaka wewe ujue angekwambia. Aliniambia mimi, katikati ya watu mia tatu, kwa sababu pale ndipo mahali pekee ambapo hakuna ambaye angemsikia. Wote walikuwa na mikono kazini. Ni mimi tu niliyekuwa nimeshika fremu yake." Akasimama, akafunga upya kilemba ambacho hakikuwa kimelegea. "Mengine yote cheza, uwapigie hata Wazungu. Hiyo futa."

*

"Sheria iko wazi," alisema Mzee Lukali kesho yake. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyemfundisha Melania kazi tangu alipotoka chuoni. "Sauti ni kinachotoka kinywani. Spana si kinywa."

"Na asiyesikia, anayesema kwa mikono? Huyo hana sauti?"

Mzee Lukali alikuna kidevu.

"Tuseme ni sauti," alisema. "Ukiandika hivyo kwenye fomu yao, watadai ridhaa ya kila familia. Zimebaki siku kumi na sita. Hutafungua Jukwaa, Melania. Na mimi nimekwisha kuwatangazia watu wa Kihonda wote."

Fomu ilikuwa mezani. Sehemu ya saba iliuliza: *Je, kazi hii ina sauti za watu?* Mwezi uliopita Melania alikuwa ameandika *Hapana* kwa herufi kubwa, akiwa mkweli kabisa.

Aliondoka nayo. Siku nne hakuandika kitu. Alikwenda kwa Bibi Semeni kila alasiri kujifunza lugha ya spana, akijiambia kwamba anataka tu kusahihisha alipokata vibaya. Bibi alimfundisha bila huruma, akimgonga vidole alipochelewa. Siku ya nne Melania alikuwa na alama themanini kichwani.

Siku ya tano, saa sita mchana, Mzee Lukali akiwa amekwenda kula, aliifungua dakika ya ishirini na saba.

Hakuna ambaye angejua. Mapigo yale yalikuwa yake kisheria. Alikuwa ameishi nayo miezi minane, ameyapenda kuliko mtu yeyote aliyebaki hai isipokuwa mmoja. Na kama ni jambo dogo tu? Kama ni mambo ya mvulana fulani, mambo ambayo miaka sitini na moja imekwisha kuyageuza vumbi? Alichukua karatasi. Akabonyeza. Mapigo mawili marefu, moja fupi, mawili marefu. Akaandika:

*Dada.*

Akabonyeza tena. Kundi la pili lilikuwa limevunjika katikati. Melania alilazimika kulirudia mara mbili kabla hajaliandika:

*Usigeuke.*

Kalamu ikabaki hewani. Kundi la tatu lilikuwa limekwisha kuanza, na masikio yake, yaliyofundwa siku nne na mwalimu mkali, yalikuwa tayari kulipokea. Akauchomoa waya wa spika kwa mkono mmoja.

Msichana mmoja, katikati ya kelele kubwa kuliko zote mjini, alikuwa amemwomba dada yake asigeuke, ili asionwe akisema anachokisema. Naye Melania alikuwa ametaka kukipanga mbele ya watu elfu mbili, mara mbili, na mitambo ikipanda nyuma yake.

Akaichana karatasi vipande vidogo. Kisha akavuta fomu, akafuta *Hapana*, akaandika *Ndiyo*, na mahali pa kutaja idadi akaandika *arobaini na nne*, hesabu ya majina ya spana aliyoyatambua pamoja na bibi.

*

Bibi Semeni alikuja asubuhi iliyofuata. Melania alikuwa amekusanya nakala zote za kipande kile mahali pamoja, nyuma ya kitufe kimoja chekundu.

"Hakuna nyingine?"

"Hakuna, bibi. Na ukuta umeungua. Ukibonyeza hapa, imekwisha duniani."

Bibi alikitazama kitufe. Kwa mara ya kwanza alionekana mwanamke wa miaka themanini na moja.

"Kwa hiyo mkono wake ule ndio unakwenda."

"Unakwenda. Mingine ipo, ile ya chai, ile ya utani. Huu unakwenda."

"Siku ile sikumjibu," bibi alisema. "Nyapara alikuwa amesimama mgongoni kwangu. Jioni tukatoka, akasema usilizungumze tena, na sikulizungumza. Miezi mitatu baadaye tukamzika." Akanyoosha mkono. "Nipe spana. Nitamsikia mara moja, peke yangu. Halafu nitabonyeza mwenyewe."

Melania akampa spana, akamwekea sauti tayari, akatoka na kufunga mlango.

Mlango ulikuwa wa mbao nyembamba. Mapigo ya Zamoyoni yakaanza, na akayatambua mara moja, akajua kundi la tatu linafuata. Kisha, karibu zaidi, chuma juu ya chuma, akasikia mkono mwingine ukijiandaa kujibu.

Pembeni mwa mlango kulikuwa na pampu ya hewa ya kusafishia vumbi la rangi, mashine kuukuu yenye kelele za kutoboa fuvu. Melania akaiwasha. Ikanguruma, ikapiga mluzi, ikatingisha mabati. Akasimama ubavuni mwake, mikono nyuma, kama askari wa lindo, na wapita njia wakamtazama wakidhani amepatwa na kitu.

Ilipita robo saa. Mlango ukafunguka. Wanja wa Bibi Semeni ulikuwa umeshuka mpaka mashavuni, lakini kilemba kilikuwa pale pale.

"Mbona unatupigia makelele?"

"Ndiyo kazi yangu, bibi."

Bibi Semeni akamtazama kitambo, akatazama pampu, akatazama mlango ulivyo mwembamba.

"Kweli," alisema. "Na unaiweza."

*

Siku kumi hazikutosha, lakini walizitumia zote. Walikwenda Kilosa, Mvomero, Kichangani na Mafiga, bibi mbele na Melania nyuma na kompyuta begani. Katika wanawake arobaini na wanne, tisa walikuwa hai. Wengine walikuwa na watoto na wajukuu ambao hawakuwahi kusikia kwamba bibi yao aliwahi kusema kwa spana. Kule Kilosa mwanamume mmoja mwenye mvi alisikiliza mapigo ya mama yake mara moja, akaomba aachiwe yeye peke yake, yasichezwe popote. Wakayakata. Wengine hawakupatikana. Wakawakata nao.

Walibaki wanawake thelathini na mmoja, na dakika ishirini na sita.

Jukwaa lilimjibu kwa adabu kwamba kazi iliyobadilika haiwezi kufungua. Wakamsogeza hadi siku ya tatu, saa nane mchana, wakati watu wanapotoka kutafuta chakula. Mzee Lukali alikwenda Kihonda kuyafuta maneno yake nyumba kwa nyumba. Ilimuuma Melania, asiseme mtu haikumuuma. Alilia siku moja nzima. Kisha akarudi kwenye lile pengo lililoachwa na Zamoyoni, na hakulitia kitu. Aliiacha mitambo mia na ishirini ipige peke yake, dakika moja na sekunde nane, kwa nguvu zote, bila pigo hata moja la mkono.

Siku ilipofika, wale tisa walikaa mstari wa mbele. Wawili walikuja na viti vya magurudumu. Nyuma yao palikuwa na wanamuziki wageni, wanafunzi, na watoto na wajukuu wa kiwandani waliojaza mabasi mawili. Kabla ya sauti kuanza, mtangazaji alisoma jina la mtunzi. Melania alikuwa amempa majina thelathini na mawili, na lake akaliweka mwisho. Mtangazaji akayasoma yote. Kila alipofika kwa mmoja wa wale tisa, mwenyewe alijibu "Nipo!" kama zamu inaanza.

Kisha mitambo ikaamka.

Wageni walifumba macho, wakausikiliza kama muziki, na ulikuwa muziki. Lakini wanawake wa mstari wa mbele waliusikiliza kama barua. Walicheka mahali ambapo hapakuwa na cha kuchekesha. Walipigana viwiko. Mmoja alifunika uso kwa khanga, akasema kwa sauti, "Jamani, hilo nililisema mimi?" Polepole ukumbi ukaelewa. Watu wakaanza kuinama mbele, wakiyatazama mabega ya bibi wale ili wajue lini wacheke. Ilipofika ile dakika ya mitambo mitupu, Bibi Semeni alikaa wima, viganja vyake viwili vimeshika kingo za kiti chake, hakufumba macho wala hakugeuka.

Mwisho sauti ikakatika. Kisha, kabla hata kofi moja halijapigwa, bibi mfupi mnene akasimama mstari wa mbele. Alikuwa Bi Tausi Kibwana wa Mafiga, miaka themanini na minne.

"Semeni!" alisema. "Nimesikia mwenyewe! Ni wewe uliyenishtaki kwa fundi kwamba namba tisa imekata uzi!"

"Ilikata," alisema Bibi Semeni.

"Haikukata! Namba tisa ilikuwa yangu na sikuwahi kukata uzi siku ya rangi! Iliyokata ilikuwa namba kumi, yako wewe!"

"Namba kumi?" Bibi Semeni naye akasimama, na alipomaliza kusimama alikuwa mrefu kuliko wote. "Tausi, namba kumi haikukata uzi tangu ilipotoka kwenye sanduku. Nguo za namba kumi zilivaliwa na mawaziri!"

"Imo humo humo! Sikilizeni baada ya ile ya chai!"

"Haya, isikilizwe!"

"Rudisha!" akapiga kelele mmoja wa wale wa viti vya magurudumu. "Fundi, rudisha!"

Na wote tisa wakaanza kugonga vyuma vya viti vyao, tatu za haraka, tatu za haraka, na wajukuu wakafuata bila kujua wanachokisema, na wageni wa nchi kumi na nne nao, mpaka ukumbi mzima ukawa unamwita fundi.

Melania alimtazama msimamizi wa Jukwaa aliyesimama pembeni na ratiba mkononi. Msimamizi akaitazama ratiba, akawatazama watu, akaikunja na kuitia mfukoni. Hakuna aliyekuwa ametoka kwenda kula.

"Nianzie wapi?" Melania aliuliza kwenye kipaza sauti.

Bibi Semeni na Bi Tausi wakajibu pamoja, bila kutazamana:

"Mwanzo!"